Ngeli ya Mtu wa Bati

Jumamosi, ukumbi wa Darnall, wataonyesha filamu ya kale,
rangi yake majivu, sauti yake kama maharage kwenye kopo,
na mimi, kwa pauni arobaini na sahani ya wali,
nimepewa kazi ya kuandika tafsiri chini ya picha.

Nimefika dakika ya hamsini na moja. Nimekwama.

Mtu wa bati anashuka kilima. Mvua inampiga.
(Umeona? Nimeshasema “anashuka.” Nimeshasema “inampiga.”
Ulimi umeniponyoka kabla sijaamua.)
Nyuma yake mji mzima, na mbwa, na kurunzi,
na inspekta ananyoosha kidole, anapaza sauti,
na Kiingereza chake kina kijineno cha vitu, kikavu,
hakiulizi kama kitu kilizaliwa.

Mimi nina herufi moja ya kuchagua.
“Anakimbia,” na risasi ina dhambi.
“Inakimbia,” na risasi ni fundi, anazima mashine,
anafuta mikono, anakwenda kunywa chai.

Nikaikumbuka sarufi ya darasa la sita:
kipofu, kiziwi, kijakazi.
Tuliwavika “ki” kama vijiko na viatu,
ila wakifika mlangoni tulisema “amefika.”
Hata kijakazi, aliyepimwa kwa doti za kaniki,
kitenzi kilimtambua kabla ya bwana wake.

Jirani, Doreen Staniforth, alileta sufuria yangu,
akaona picha, akakaa bila kuvua koti.
“Hii niliiona Attercliffe, nina miaka tisa.
Wiki nzima nililala na taa.”
Nikamuuliza: uliogopa ile mikono ya koleo?
Akacheka. “Baba yangu alikuwa nao mmoja.
Wake halisi ulibaki kwenye kinu cha chuma.
Alinikatia mkate kwa koleo lile kila asubuhi.
La. Rudisha nyuma. Hapo.
Linafuta meza. Sasa tazama: linasita.
Kitambaa mkononi, linaangalia dirishani,
vilevile kama mama yangu siku za Jumatatu.
Nikajua linachoka.
Na kinachochoka, siku moja kitakataa.”

Yeye hakusema “li”; lugha yake haina “li.”
Ila sauti iliteremka, ikanenepa,
na mimi ndivyo nilivyosikia.

Mtu. Kitu. Jitu.
Mzizi ni uleule, umekaa kimya mkiani;
kinachobadilika ni umbali wa anayetazama.
Karibu, ukisikia pumzi: m.
Ukilituma dukani na hujali kama kunanyesha: ki.
Usiku, mlango ukigongwa
na hukumbuki ulichomtendea anayegonga: ji.

Sikumwambia Doreen kuhusu ghala la Tinsley,
ninakofunga maboksi kuanzia saa nne ya usiku,
na saa ya kampuni kwenye kifundo cha mkono wangu
inayolia nikisimama sekunde arobaini.
Dirishani sijawahi kuangalia.
Halipo.

Filamu ikaendelea. Ukingo wa machimbo.
Limefika, kimefika, amefika, likageuka,
na uso ule wa bati, uliochorwa nyusi kwa rangi ya viatu,
hauna chuki, na hilo ndilo lililowafanya wafyatue.
Chuki wangeijibu.

“Umeandika nini?” akauliza Doreen.
Nikamsomea. Akalirudia neno polepole,
akilikanyaga mahali pasipofaa, kama mtu anayepanda ngazi gizani:
a-na-ki-mbi-a.
“Hiyo ‘a’ ya mwanzo ndiyo nini?”
Nikatafuta jibu fupi. Sikulipata.
“Ni kama kumvulia mtu kofia,” nikasema, na si kweli kabisa.

Akanyamaza. Akafunga vifungo vya koti ambalo hakulivua.
“Watacheka ukumbini,” akasema, “watadhani umekosea.”
Huenda.

Mlangoni akasimama, mkono kwenye fremu,
akaitazama ngazi inavyoshuka kwenda kwake, vidato kumi na vitatu,
akaniomba, kama hainipi tabu,
nisizime taa ya nje usiku huu.